Jambia la Babu: Silaha Inayovaliwa Kwenda Harusini

Mwanamume wa Oman akialikwa harusi ya kijijini, iwe ni upande wa Nizwa milimani au Sur pwani, kanzu na kilemba havimtoshi. Hukaza mkanda na kuvaa jambia la fedha, ambalo wao huliita khanjar, katikati kabisa ya kiuno. Ndilo hilo lililomo kwenye bendera ya nchi yao, juu ya panga mbili zilizopishana. Huku kwetu pia limo: bwana harusi wa Unguja au Lamu akitoka na joho, jambia haliko mbali, hata kama ameliazima kwa ami yake.

Ni silaha kweli, yenye ubapa uliopinda na makali pande zote mbili. Lakini kwenye shughuli ni vazi, na adabu yake ni kwamba halichomolewi. Katika ngoma ya razha wanaume hurusha panga hewani na kuzidaka kwa mbwembwe. Majambia yao muda wote huo yametulia alani. Ufundi wa kuyatengeneza pamoja na desturi za kuyavaa viliingizwa na UNESCO mwaka 2022 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Tukiletewa jambia la zamani makumbusho, swali la kwanza la mwenyewe huwa ni bei. Sisi huanza na pete. Jambia la kawaida la Oman lina pete nne za fedha zinazounganisha ala na mkanda. Ukikuta saba, huenda ni saidi, mtindo unaonasibishwa na Albusaid, ukoo wa watawala wa Oman. Masimulizi humtaja mke wa Kiajemi wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa zamani wa Oman na Zanzibar, kuwa ndiye aliyeubuni. Kisha geuza ala uangalie nyuma: mara nyingi utakuta kisu kidogo kimechomekwa, cha kazi ndogondogo. Hicho ndicho kilichotumika siku zote, si lile kubwa. Fedha yenyewe aghalabu ilitokana na reale za Maria Theresa, sarafu za fedha zenye mwaka 1780, zilizoyeyushwa na sonara na kuvutwa kuwa nyuzi nyembamba. Ndiyo maana sipendi kuona watu wakiuza jambia kwa uzito wa fedha tu. Kazi ya mkono haipimwi kwa mizani.

Mpini ndio wenye mambo. Zamani mpini wa kifahari ulikuwa wa pembe ya kifaru, na nyingi ya pembe hizo zilitoka Afrika Mashariki. Miaka ya 1970 mahitaji yalipanda sana, hasa Yemen, na vifaru wetu wakalipa gharama. Biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilipigwa marufuku mwaka 1977 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Leo mafundi hutumia mti wa msandali au plastiki. Kutambua, mulika mpini kwa tochi kutoka nyuma: pembe iliyozeeka hupitisha mwanga wa rangi ya asali kwenye kingo, na ndani huonekana nyuzi nyembamba zilizoshikana. Plastiki huweza kuonyesha viputo au mstari wa kalibu. Ukishuku kuwa ni pembe, usiliuze wala kusafiri nalo nje ya nchi kabla ya kuuliza mamlaka ya wanyamapori, hata kama ni urithi wa babu wa babu.

Kuhusu kulitunza: usisugue fedha kwa majivu, ndimu wala dawa ya meno. Weusi ulioingia kwenye mianya ya nakshi ndio unaoifanya nakshi ionekane; kitambaa laini kikavu kinatosha. Usilifunge kwenye mfuko wa plastiki, maana unyevu wa pwani hubaki humo na ubapa hushika kutu. Lizungushie kitambaa cha pamba. Na likikataa kutoka alani, usilivute kwa nguvu: ngozi na mbao za ndani zimekauka, na ukilazimisha utapasua ala. Mpelekee sonara au utuletee sisi.