Ista egi ni kitu kilichofichwa, siyo kila katuni unayoiona kwenye komiki

Hapa Mbeya siku hizi kila mwenye bando ni mchambuzi wa Marvel na DC, zile kampuni mbili kubwa za komiki za Marekani, na mimi nafurahi kweli maana zamani tulikuwa wachache, ila kuna neno moja linateswa sana. Kuanzia vibanda umiza vya Mwanjelwa mpaka magrupu ya WhatsApp ya vijana wa Uyole, kikitokea chochote cha katuni ndani ya stori ya masuperhero utasikia tu "ista egi hiyo!" Nguruwe kavaa nguo za Spider-Man, ista egi. Bugs Bunny, yule sungura wa katuni, kasimama na Superman, ista egi. Hapana jamani.

Ista egi ni kitu ambacho mchoraji au mwandishi amekificha makusudi, anayekijua akikiona anafurahi, asiyekijua anapita zake na stori haijampotea hata kidogo. Maana yenyewe ndo hiyo. Kinachosahaulika ni hilo la kuficha, wakati ndilo lililozaa jina.

Na jina limetoka kwenye magemu. Kampuni ya Atari ilikuwa haiandiki majina ya watu waliotengeneza gemu, sasa Warren Robinett, aliyekuwa anatengeneza gemu lao la Adventure, akaona siyo haki, akajenga chumba cha siri humo ndani bila kumwambia bosi. Ufunguo wake ni kidoti kimoja cha kijivu kilichokaa kwenye kijivu mwenzake, macho hayakioni, mpaka ukigonge kwa bahati ukibebe upite nacho kwenye ukuta ambao siku zote haupitiki, ndo unakuta maandishi kwamba gemu limetengenezwa na Warren Robinett. Mwaka 1980 dogo wa miaka 15 wa Salt Lake City kule Marekani akakigundua akawaandikia Atari barua, na Robinett alikuwa ameshaacha kazi. Kukitoa ilikuwa gharama, na mkubwa mmoja pale, Steve Wright, akasema wakiache, kitakuwa kama mayai ya Pasaka, kwa Kiingereza Easter eggs, ndo ista egi yenyewe, kwa sababu wenzetu kule Pasaka ikifika watoto wanafichiwa mayai wayatafute. Wachoraji walikuwa wanafanya hivyo hata kabla jina halijapatikana: Al Hirschfeld tangu 1945 alikuwa anaficha jina la binti yake, Nina, kwenye nywele na mikunjo ya nguo za watu aliowachora.

Sasa rudi kwa yule nguruwe. Ni Peter Porker, Spider-Ham, Marvel walimtoa 1983 na jina lake likawa kwenye jalada, amefichwa wapi? Hiyo ni dhihaka, na ni nzuri tu. Howard the Duck, bata wa Marvel, alianza 1973, akafanana na Donald Duck, bata wa Disney, mpaka Disney wakalalamika na ikabidi avalishwe suruali. Kitu ambacho hata mwenye bata wake amekiona, nani aseme kimefichwa?

Panapochanganya watu, na hapa nawaelewa, ni kama ile komiki ya DC, Swamp Thing namba 32 ya mwaka 1985, mwandishi Alan Moore alipoleta viumbe wadogo waliotokana na Pogo, katuni ya Walt Kelly. Anakuenzia mtu bila kumtaja, kwa hiyo unaona kama siri. Lakini wale viumbe ndo stori yenyewe, ukiwatoa zinabaki karatasi. Kipimo changu ni hicho: kifute kichwani mwako, kama stori imebaki nzima na unaona kabisa kimewekwa kwa makusudi, hapo sawa, sema ista egi.

Mwaka 2017 DC walitoa komiki ya Batman na Elmer Fudd, yule mwindaji anayemfukuza Bugs Bunny kwenye katuni za Looney Tunes, kaandika Tom King kachora Lee Weeks. Elmer yuko kwenye jalada, siyo siri. Ila ingia naye kwenye ile baa ya Porky's, utulie na picha, usiwahi kufunua. Humo wamekaa binadamu watupu, hakuna sungura wala bata, kuna jamaa anakunywa juisi ya karoti, ndo Bugs mwenyewe kwa umbo la mtu, na huyo naye simhesabu kwa sababu anatajwa na ana kazi yake kwenye stori. Waangalie waliobaki kwenye viti, kwa asiyekulia na Looney Tunes ni walevi tu, aliyekulia nayo anaanza kuwatambua kwa sura mmoja mmoja. Ni sawa na mchoraji wa kwetu achore shujaa anapigana stendi ya Kabwe, halafu nyuma kabisa dirishani kwenye daladala akuwekee Ndumilakuwili wa gazeti la Sani bila kusema neno.

Kwa hiyo wadau mnaoposti na duara jekundu, kabla hujalichora angalia kwanza jalada. Superman na Bugs Bunny wa mwaka 2000 wote wawili wameandikwa pale juu kwa herufi kubwa, hiyo iite krosova, yaani wahusika wa stori tofauti kukutanishwa kwenye stori moja, na ukiipenda kama krosova haijapungua kitu.