Jina likikosewa kwenye kumbukumbu za jeshi la Marekani: lipi husahihishwa, lipi huachwa

Wengi hugundua tatizo siku ambayo hawana muda wa kulishughulikia. Askari ameshatoka jeshini miaka mingi, anaomba matibabu au mkopo wa nyumba unaotolewa kwa waliotumikia jeshi; au amefariki, na mjane anafuatilia nafasi kwenye makaburi ya taifa. Karani anaiweka Fomu DD 214 kando ya kitambulisho, anatazama huku na huku, kisha anasema majina hayafanani. Hapo ndipo watu huja kwetu wakiuliza jina linabadilishwaje. Nasi huwajibu kwa swali: jina lilikosewa na jeshi, au lilibadilika baada ya utumishi? Anayeshindwa kujibu hilo hupoteza miezi akijaza fomu isiyomhusu.

DD 214 ndiyo hati anayopewa askari wa Marekani anapomaliza utumishi. Imekuwa ikitumika tangu mwaka 1950, na kisanduku chake cha kwanza ni cha jina: la ukoo kwanza, kisha la kwanza, kisha la kati. Hati hiyo inaeleza mambo yalivyokuwa siku askari alipoondoka, yaani alikuwa nani, cheo gani, alitumikia wapi na aliachiwaje. Kwa hiyo mwanamke aliyeolewa miaka kumi baadaye na kuchukua jina la mume, au mtu aliyebadili jina mahakamani akiwa raia wa kawaida, hana kosa la kusahihisha. Siku ile jina lilikuwa lile lile lililoandikwa.

Bodi zinazosikiliza maombi ya kusahihisha kumbukumbu za jeshi zimeshikilia msimamo huo kwa muda mrefu, na mimi naona una mantiki hata pale unapomuudhi mwombaji. Kumbukumbu ikiguswa kila mtu anapobadili jina, itafika mahali haikubaliani na orodha za kikosi, amri za uhamisho wala karatasi za mishahara za wakati ule. Jambo ambalo bodi ya jeshi la nchi kavu hufanya mara nyingi ni kukataa kubadili hati, lakini kuagiza uamuzi wake na vielelezo vya mwombaji viwekwe ndani ya faili, ili atakayelifungua kesho aone majina mawili na mtu mmoja. Kwa wengi hata huko hakuna haja ya kufika. Idara inayotoa mafao ina kumbukumbu zake, tofauti na za jeshi. Ipelekee DD 214 pamoja na cheti cha ndoa au amri ya mahakama, na jina litabadilishwa upande wao bila bodi yoyote.

Kosa la kweli ni jambo jingine. Karani alichapa kwa kusikia, akaruka herufi, akageuza mpangilio. Kuna hata herufi NMN, ambazo makarani wa jeshi huandika kuonyesha kwamba mtu hana jina la kati. Zikinakiliwa na asiyezijua, askari anajikuta ana jina ambalo mama yake hakumpa. Wenzetu wenye asili ya Afrika Mashariki wana tatizo lao la ziada. Mtu anayeitwa kwa jina lake, la baba na la babu anaingizwa kwenye fomu inayodai jina la ukoo, na mara nyingi la babu hugeuka la ukoo kwenye karatasi moja na la baba kwenye nyingine.

Kabla ya kulalamika popote, omba nakala ya faili zima la utumishi, siyo DD 214 peke yake. Maombi huenda kwenye kituo cha taifa cha kumbukumbu kilichopo eneo la St. Louis, Missouri, kwa Fomu SF 180 au kwa njia ya mtandao. Ukilipata, lifungue pale ulipoandikishwa. Chukua mfano wa jina Hassan. Mkataba wa kuandikishwa umechapwa Hasan, s moja, lakini chini kabisa kuna saini ya wino ya kijana mwenyewe, na pale s ziko mbili. Karatasi hiyo moja ina uzito kuliko barua kumi za marafiki, kwa sababu inaonyesha kwamba tangu siku ya kwanza mwenye jina aliliandika sawa na mwenye mashine akalikosea. Ongeza cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule vya kabla ya jeshi. Vilivyotolewa baadaye havisaidii sana.

Kinyume chake pia hutokea. Askari aliachia kosa, akasaini Hasan kwenye kila karatasi kwa miaka minne, akapokea mshahara na nishani kwa jina hilo. Bodi ikiona hivyo inaweza kusema kwamba hilo ndilo jina alilotumikia nalo, na hoja yake si rahisi kuipangua.

Kosa dogo lililo wazi hupelekwa kwanza kwenye ofisi ya utumishi ya tawi lenyewe la jeshi. Likikubalika hutolewa DD 215, hati ya marekebisho. Watu huipokea kwa mashaka kwa kuwa walitarajia DD 214 mpya, lakini ndivyo utaratibu ulivyo: DD 215 haifuti ile ya kwanza, huambatanishwa nayo, na kuanzia hapo ukiombwa moja toa zote mbili.

Ukikataliwa huko, kuna Fomu DD 149 ya kwenda kwenye bodi ya kusahihisha kumbukumbu. Jeshi la nchi kavu lina bodi yake, jeshi la majini lina yake inayowahudumia pia askari wa Marine, jeshi la anga lina yake, na walinzi wa pwani vilevile. Wajumbe wake ni raia, siyo maofisa wa jeshi. Kuomba hakulipiwi chochote, kwa hiyo anayekutoza ada ya fomu anakuibia. Sheria inataka ombi lipelekwe ndani ya miaka 3 tangu kosa kugunduliwa, ila bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji kwa maslahi ya haki. Fomu ina sehemu ya kueleza kwa nini umechelewa, usiiache wazi. Mzigo wa kuthibitisha ni wako, kwa maana bodi huanza kwa kudhani kwamba jeshi liliandika sawa. Sheria inazitaka bodi zimalize asilimia 90 ya maombi ndani ya miezi 10, na lisiwepo linalozidi 18. Jipange kwa subira hiyo.

Na kama faili halipo? Tarehe 12 Julai 1973 moto uliunguza ghorofa ya juu ya kituo hicho na kuteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Hapakuwa na nakala. Waliopata hasara zaidi ni wa jeshi la nchi kavu walioachiwa kati ya mwaka 1912 na 1960, na sehemu kubwa ya wa jeshi la anga walioachiwa kati ya 1947 na 1964. Kwa hao, ushahidi wa jina hutafutwa pembeni: karatasi za malipo ya mwisho, ripoti za asubuhi za kikosi, au ofisi ya karani wa kaunti, ambako askari wengi walisajili hati zao waliporudi nyumbani. Tazama na sanduku la marehemu. Hati ya awali aliyoitunza mwenyewe huwa bora kuliko faili lililojengwa upya.

Askari wa zamani akiwa amefariki au hajiwezi, mke, mume, ndugu wa karibu au mwakilishi wa kisheria anaweza kuomba kwa niaba yake, akiambatanisha cheti cha kifo au hati ya uwakilishi. Ukikataliwa, unaweza kuomba bodi itazame upya iwapo umepata kielelezo ambacho haikukiona. Kurudisha vile vile kwa maneno makali zaidi hakutoi matokeo mapya.

Mliobaki jeshini na mnaotarajia kuapishwa uraia: mnaobadili jina wakati huo hufanya hivyo mbele ya mahakama, na cheti cha uraia hutoka na jina jipya. Kipelekeni ofisi ya utumishi ya kikosi mkiwa bado mna sare, kisha siku ya kutoka someni rasimu ya DD 214, kisanduku cha kwanza, herufi kwa herufi, kabla ya kusaini.