Umezima Windows, Kumbe Imesinzia

Juzi mama mmoja alishuka Moshi mjini kutoka Kibosho, laptopu ameiweka kwenye kikapu chini ya ndizi. Anatunza hesabu za chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Kijana wake alipokuja likizo alimwekea Ubuntu, aina mojawapo ya mfumo wa Linux, pembeni ya Windows, kisha akarudi chuo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hebu niangalizie. Malipo ya wakulima nayaona, nayafungua, nikiandika kitu yanagoma kuhifadhi. Huyu mtoto ameshaniharibia."

Mtoto hakuharibu kitu. Partisheni ya Windows, yaani kipande chake cha diski, hutumia mpangilio wa faili uitwao NTFS, na Linux huisoma na kuiandika bila shida kwa programu ya ntfs-3g. Tangu kerneli (kiini cha Linux) 5.15 ya mwaka 2021 kuna hata draiva ya ndani, ntfs3. Shida ilikuwa Windows yenyewe. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Ukibonyeza Shut down, programu zako zinafungwa, ila kiini cha mfumo hakifungwi: kinahifadhiwa kwenye faili la hiberfil.sys ili kesho kiamke haraka. Humo ndani mna kumbukumbu ya jinsi diski ilivyokuwa. Linux ikiona hivyo hukuruhusu kusoma tu, au hukataa kabisa kuifungua.

Nilimwambia mama: chukulia umetoka kwenda kunywa chai, jumla iko kichwani. Huku nyuma mtu akabadilisha daftari. Ukirudi utaendelea na jumla ile ile ya zamani. Akacheka, akasema hilo limeshawahi kumtokea.

Nikawasha Windows, nikafungua Command Prompt kama Administrator, nikaandika:

powercfg /h off

Nikazima, nikarudi Ubuntu, nikafungua faili lake, nikaongeza mstari mmoja wa majaribio. Likahifadhi. Amri hiyo huondoa haibanesheni yote, yaani ule usingizi wa kuhifadhi kazi kwenye diski kabla ya kuzima. Anayeihitaji atoe tu tiki ya Fast Startup kwenye mipangilio ya umeme ndani ya Control Panel. Na kama una haraka, ukiwa Windows bonyeza Restart badala ya Shut down, halafu chagua Ubuntu. Wengi hawaamini, lakini Restart ndiyo inayoifunga Windows sawasawa.

Kuna vijana wanaopitia njia ya mkato ya remove_hiberfile wakati wa kumaunti, yaani kuifungua partisheni ndani ya Linux. Inafanya kazi, ila inafuta kikao kizima kilichohifadhiwa, pamoja na chochote ambacho hakikuwa kimeseviwa. Mimi naitumia pale tu Windows imeshakufa na haiwaki tena. Ntfsfix, programu ya Linux ya kurekebisha NTFS, nayo isikudanganye: inarekebisha vitu vichache. Ukaguzi wa kweli ni chkdsk, ukiwa Windows. Ukikuta partisheni inadai ufunguo, hiyo ni BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski. Tafuta ile namba ya tarakimu 48 kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, maana bila ufunguo hata fundi hana ujanja.

Upande wa pili, kusoma faili za Linux ukiwa Windows, ni mgumu zaidi. Windows yenyewe haiijui ext4, mpangilio wa faili wa Linux. Ukichomeka diski ya nje yenye ext4 inaweza kukuuliza kama uifomati, na hapo ndipo watu hupoteza picha za harusi kwa kubonyeza ndiyo. Kwa kusoma tu kuna programu kama Linux Reader ya DiskInternals. Kwa kazi ya kila siku natenga partisheni ya tatu inayofunguka pande zote mbili. Mpangilio wa FAT32 naukwepa, haupokei faili la GB 4 na kuendelea. exFAT ni nyepesi lakini haina jarida (kumbukumbu ya mabadiliko) la kuilinda umeme ukikatika ghafla, na laptopu nyingi ninazoletewa betri zimeshachoka. Kwa hiyo naweka NTFS.

Kesho yake mama akapiga simu. "Fundi, hesabu zinahifadhi vizuri. Ila nimeingia Windows inaniambia saa mbili, na hapa ni saa tano!"

Hapo nilisahau mimi. Ubuntu huiandikia saa ya ubao mama muda wa UTC (saa ya kimataifa), Windows huisoma kana kwamba ni saa ya hapa kwetu, na tofauti ni saa tatu kamili. Nikamtumia kwa meseji mstari wa kuandika akiwa Ubuntu, ili nayo iandike saa ya hapa:

timedatectl set-local-rtc 1