Kabla ya kuombea mwaka mpya, toa kwanza taka za mwaka uliopita

Desemba ikikaribia kuisha, huwa naanza kupokea ujumbe wa namna moja kutoka kwa watu ninaowafundisha maombi: "Mchungaji, tupe neno la mwaka." Wanataka kauli fupi ya kubandika ukutani: mwaka wa kuinuliwa, mwaka wa milango kufunguka, mwaka wa mavuno. Siwabezi. Miaka ya mwanzo ya huduma yangu mimi mwenyewe niliingia kwenye mkesha na maombi arobaini niliyoyaandika kwa wino mwekundu, na ilipofika katikati ya Februari sikukumbuka hata daftari lenyewe nililiweka wapi.

Aliyenigeuza ni Hezekia, mfalme wa Yuda. Soma 2 Mambo ya Nyakati 29, ukiwa umeanza na mwisho wa sura ya 28. Ahazi, baba yake, alikuwa ameifunga milango ya hekalu. Hezekia akatawazwa akiwa na miaka 25, na katika mwaka wa kwanza wa kutawala kwake, mwezi wa kwanza, akaifungua milango ile na kuitengeneza. Kisha akawaagiza Walawi, watumishi wa hekalu, wautoe uchafu uliokuwa patakatifu. Angalia mpangilio wake: sadaka, nyimbo na vinanda vinakuja baadaye. Kwanza mlango unafunguliwa, halafu taka zinatolewa.

Na haikuwa kazi ya usiku mmoja. Walianza tarehe 1, wakafika ukumbini tarehe 8, wakatumia siku nane nyingine kuitakasa nyumba yenyewe, wakamaliza tarehe 16. Makuhani ndio walioingia ndani kabisa na kuuleta uchafu hadi uani. Hapo Walawi waliupokea na kuupeleka mpaka kijito cha Kidroni. Huwa nakaa sana kwenye mstari huo wa 16. Taka za ndani zilipita mikono miwili kabla ya kufika kijitoni. Yapo mambo ambayo utayaleta mbele za Mungu ukiwa peke yako, lakini utahitaji ndugu mwaminifu wa kuyapokea mlangoni. Yakobo anaposema katika waraka wake tuungamiane dhambi zetu, nadhani anajua jinsi mzigo unavyomshinda mtu akiwa anaubeba peke yake.

Kwa hiyo, anayekuja kwangu tuanze mwaka pamoja simpi neno. Namwambia atenge muda wa saa tatu na mahali pa kukaa, alete kalenda ya mwaka uliopita, na simu pia, kwa sababu picha na ujumbe hukumbuka kuliko sisi. Tunaanza na Januari na kwenda mwezi kwa mwezi. Kwa kila mwezi naomba ajibu mambo matatu mbele za Mungu: nilipewa nini ambacho sikustahili, nilimkosea nani, na nini kiliniuma ambacho sijamwambia Mungu bado.

Shukrani huenda haraka, na hushangaza, maana watu hugundua maombi yaliyojibiwa ambayo walisahau hata kuyaomba. Toba huchukua muda zaidi kwa sababu tumezoea kutubu kwa jumla. "Bwana, nisamehe dhambi zangu zote" ni sala njema, lakini aghalabu ni blanketi la kufunikia. Taja jambo, taja siku, taja mtu. Na kuna taka ambazo magoti peke yake hayazitoi. Yesu alisema ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka madhabahuni, uende kwanza ukapatane naye. Mara nyingine namkatiza mtu katikati ya maombi nikamwambia, "Sasa mpigie simu." Hapo ndipo wengi hukumbuka wana safari ya ghafla.

Swali la tatu ndilo linalotoa machozi. Wakristo wengi tumefundishwa kwamba kulalamika mbele za Mungu ni kukosa imani, basi mtu anafiwa mwezi wa Mei, na kufikia Desemba bado anasema "Mungu ni mwema" kwa meno yaliyokazwa. Zaburi zinatupa ruhusa nyingine. Ya 13 inafungua kwa "Hata lini?", nayo ya 88 inaishia gizani bila mwanga wowote kuonekana mwishoni, na bado ni Maandiko Matakatifu. Ukiubeba uchungu usiosemwa kuvuka mwaka, utakaa ndani ya kila sala utakayoomba, hata ile ya kushukuru.

Baada ya hapo ndipo tunaomba. Na tunaomba machache. Kielelezo ninachokitumia ni mfano wa mtini katika Luka 13. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu kutafuta matunda, hakuna, anataka mti ukatwe. Mtunzaji anamwambia, "Bwana, uuache mwaka huu nao, hata niupalilie, niutilie samadi." Hiyo ndiyo sala ya mwaka mpya iliyo fupi kuliko zote ninazozijua. Anaomba mwaka, na papo hapo anataja jembe lake. Ukimwomba Mungu akusaidie upatane na mwanao, samadi yake ni nini? Utakula naye siku gani? Ombi lisilo na jembe nalirudisha kwa mwenyewe alifikirie tena.

Kuhusu kufunga, naulizwa kila mara juu ya siku 21 za Danieli. Zimo katika sura ya 10: majuma matatu kamili bila chakula kitamu, bila nyama wala divai, bila kujipaka mafuta. Lakini ukisoma vizuri, Danieli hasemi kwamba alipanga 21 tangu mwanzo. Alikuwa katika huzuni akitafuta ufahamu, na mjumbe alipofika alimwambia maneno yake yalisikiwa tangu siku ya kwanza. Basi usihesabu siku za mfungo kama malipo ya awamu, kwamba ukikamilisha ya 21 mzigo unashushwa. Funga ili upate nafasi ya kusikia. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari au anayetumia dawa asiache chakula bila kuongea na daktari wake. Anaweza kufunga runinga na mitandao, na kwa baadhi yetu huo ndio mfungo mgumu zaidi.

Kusoma Biblia nako kuna hesabu yake. Ukianza Mwanzo kwa sura tatu kila siku, unamaliza Kutoka tarehe 30 Januari, na tarehe 31 unaingia Mambo ya Walawi. Hapo ndipo ari ya wengi huishia, kati ya mafuta ya figo na ukoma. Kama hujawahi kukamilisha mpango wa mwaka mzima, anza na Marko, sura 16, sura moja kila asubuhi, na Zaburi moja jioni. Ukimaliza, utajua uende wapi.

Kwa wanaoulizia mkesha wenyewe, desturi hii ina mizizi mirefu, na mmoja wa walioiendeleza ni John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti. Lakini kitu chake ninachokipenda zaidi ni ibada ya agano, aliyoiongoza mara ya kwanza London tarehe 11 Agosti 1755, akitumia maneno ya Richard Alleine, mchungaji wa karne ya 17. Baadaye Wamethodisti waliizoea mwanzoni mwa mwaka. Ndani yake mwombaji anamwambia Mungu amweke popote apendapo: kazini au katika mateso, atumike au awekwe kando, ashibe au awe mtupu. Ilinganishe na "mwaka wa kuinuliwa." Mara ya kwanza kuisoma kwa sauti nilikwama kwenye "kuwekwa kando," nikanyamaza kwa dakika kadhaa. Sasa naisoma kila Jumapili ya kwanza ya Januari, na bado hapo huwa napunguza mwendo.

Sasa, rudi kwa Hezekia. Pasaka huangukia tarehe 14 ya mwezi wa kwanza, na wao walimaliza usafi tarehe 16. Walichelewa siku mbili. Hawakusema tungoje mwaka kesho. Waliifanya tarehe 14 ya mwezi wa pili, kama Hesabu 9 inavyoruhusu. Hata hapo, wengi walikula bila kujitakasa, na Hezekia akawaombea BWANA awasamehe, naye akamsikia. Kwa sababu hiyo nina kikao cha pili kila Februari kwa waliokwama. Tarehe ni hiyohiyo 14, ingawa najua mwezi wao haukuwa Februari yetu, na kwamba siku hiyo baadhi yenu mna miadi ya maua mekundu. Njooni kabla ya chakula cha jioni. Leteni kalenda.