Kushuka mlima si mteremko

Jumanne ndiyo siku ya magoti kwenye kliniki yangu. Klabu yetu ya matembezi hutoka Jumapili: wanachama wa hapa Morogoro, pamoja na wageni wa Dar es Salaam, ambao wameongezeka tangu treni ya SGR ianze kuja huku mwaka 2024. Jumatatu watu wanashinda wakirusha picha za ukungu wa milima ya Uluguru. Jumanne wananipigia simu, au wanaingia wenyewe wakitembea kama bata, mkono mmoja ukutani, na maneno yao ya kwanza ninayajua kabla hawajakaa: "Dokta, ule mlima tuliopanda umeniua."

Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia. Hilo nimeshaacha kulisahihisha. Nisichoweza kuacha ni hilo neno "tuliopanda". Hamkuuawa na kupanda. Mmeuawa na kushuka.

Lugha yetu nayo imetuponza. Kazi ikiwa rahisi tunasema ni mteremko. Mtihani ukiwa mwepesi, mteremko. Kwa hiyo tukifika kwenye ile nyumba ya enzi za Wajerumani pale Morningside, watu wameshajipigia makofi, vitafunwa vimeliwa, maji yamebaki funda moja, na hukosi mtu wa kusema, "Kazi imekwisha, sasa ni mteremko tu." Mjini tuko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, Morningside ni kama mita 1,300. Zile mita 800 ulizozipanda ukiwa na nguvu za asubuhi, sasa unazirudia kichwa kikiangalia chini, jua la saa saba likiwa utosini na miguu imeshachoka. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Muulize dereva wa lori anayeshuka mlima Kitonga anaogopa nini, injini au breki. Mguu wako ni hivyo hivyo. Unapopanda, msuli wa mbele wa paja unakaza huku ukifupika, unasukuma mwili juu. Unapanda kwa injini. Unapoteremka, msuli uleule unakaza huku ukivutwa na kurefuka, kila hatua, ili usijibwage chini kwa uzito wako wote. Hiyo ndiyo breki, na breki hula msuli kuliko injini. Nyuzi zake ndogo ndogo zinachanika, mwili unaanza kuzikarabati, panavimba kidogo kwa ndani, na maumivu yanakuja taratibu: yanaanza baada ya saa 12 hadi 24, yanafika kileleni siku ya pili au ya tatu. Jumapili ukijumlisha siku mbili unapata Jumanne, unampata mtu ukutani kwangu.

Kinachowadanganya watu ni pumzi. Kupanda kunakuonya mapema: moyo unadunda, unahema, unaomba tusimame. Kushuka kunatumia hewa kidogo sana, kwa hiyo unashuka ukipiga soga, unacheka, unajiona bado mzima. Hakuna king'ora. Bili inaletwa baada ya siku mbili, na wewe unaisingizia ile sehemu iliyokufanya uheme.

Kama huniamini, nina ushahidi wa bodaboda. Mara kwa mara kuna wajanja wanaopanda juu kwa pikipiki, wanatusubiri wakiwa hawana hata tone la jasho, kisha wanashuka na sisi kwa miguu, eti wamechagua nusu rahisi. Jumanne wanakuja na maumivu yaleyale, mapaja yaleyale. Hawakupanda hata hatua kumi! Wamepanda nini hao?

Hapo huwa wanageukia asidi. "Si ile asidi inayojaa miguuni?" Hapana. Inayosemwa ni laktiki, na kiwango chake kwenye damu hurudi kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika. Haiwezi kukungoja mpaka Jumanne. Na kujinyoosha dakika tano mlipofika kwenye magari hakukuokoi na maumivu haya kwa kiasi cha maana. Jinyoosheni kama mnapenda, ila msije kunidai.

Linaloniudhi kuliko hilo ni diklofenaki, ile dawa ya maumivu. Watu wanameza kidonge asubuhi kabla ya kuanza, "kwa ajili ya kinga". Siku ya jua kali, mwili umepungukiwa maji, figo zinahangaika, na wewe unaziongezea mzigo ili usisikie maumivu ambayo hata hayajaja. Acheni. Na kwa kuwa tumefika kwenye figo: baada ya mteremko mkali, mtu akiona mkojo wake una rangi ya chai ya rangi au ya kola, asinipigie mimi. Aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu misuli iliyochanika sana humwaga vitu vyake kwenye damu na figo ndizo zinazoumia. Ni nadra, lakini hakuna dawa ya kuchua inayotibu hilo. Vilevile goti lililovimba, linalojifunga, au lisilokubali kubeba uzito si maumivu ya Jumanne, ni jambo jingine.

Habari njema ni kwamba msuli una kumbukumbu. Ukiteremka mara moja, kidogo tu, mteremko wa pili hauumi kama wa kwanza, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Ndiyo maana siwataki wageni wakimbie kwenye uwanja wa mpira kwa mwezi mzima eti wanajiandaa kwa mlima. Uwanja ni tambarare, breki haifanyi kazi. Tafuta ngazi ya kawaida. Simama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, shusha kisigino cha mguu mwingine taratibu mpaka kiguse chini, hesabu moja mpaka nne, rudi juu. Mara kumi kila mguu, mara mbili kwa wiki, wiki tatu kabla. Unakaa ghorofa ya nne na lifti ipo? Panda kwa lifti, shuka kwa ngazi. Ndiyo, umesoma vizuri.

Na fimbo. Nitasema habari ya fimbo mpaka nizikwe. Vijana wanaona fimbo ni ya babu, wanaume ndio wabaya zaidi, wanaibeba begani kama bunduki. Fimbo mbili, hata za mianzi, zikitangulia mbele ya mguu unaposhuka, zinachukua sehemu ya uzito ambao ungeishia kwenye pia ya goti. Zaidi ya hapo zinakusimamisha kwenye ule udongo mwekundu wa Uluguru, ambao baada ya mvua unakuwa sabuni. Ukihisi utelezi, mwili unataka kuegemea nyuma, na kuegemea nyuma ndiko hasa kunakoipeleka miguu mbele na makalio chini. Hatua fupi, magoti yamelegea kidogo, uzito juu ya miguu. Kabla ya kuanza kushuka funga upya kamba za viatu, kaza pale kwenye kifundo, vidole visigonge mbele. Kucha ulizikata juzi, natumaini.

Mkitaka kuona ufundi huo ukifanywa bila mhadhara wangu, amkeni mapema. Akina mama wa Kiluguru wanashuka milima hii alfajiri na mikungu ya ndizi kichwani kwenda Soko la Chifu Kingalu. Mwenye mzigo kichwani hawezi kuegemea nyuma, hawezi kuruka. Hatua zao ni fupi, laini, za haraka. Siku moja tulisimama pembeni kuwapisha, tukawaamkia, na mmoja baada ya kuitikia marahaba akaangalia jinsi wenzangu walivyokuwa wakishuka, akauliza, "Wanangu, mbona mnakanyaga kama mnaua siafu?" Mafunzo ya miaka mitatu chuoni, na mimi sijawahi kulieleza jambo hilo vizuri hivyo.

Kwa hiyo anayeniambia matembezi ya milimani ni mambo ya Wazungu, huwa namwonyesha hao akina mama, na mjadala unaishia hapo.

Lipo jingine la hesabu, na hili ni la viongozi wenzangu. Mtu anasikia "kilomita 6 kwenda juu" anajibu, "Kilomita 6? Mimi nyumbani natembea hizo kwa saa moja." Kilomita za mlimani hazihesabiwi hivyo. Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado inatusaidia: saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia ya kilomita 6 yenye mita 800 za kupanda, hiyo ni zaidi kidogo ya saa mbili na nusu, na hapo hamjasimama kupiga picha hata moja. Hata Naismith hakuuhesabu mteremko. Ilibidi baadaye Mskoti mwenzake, Eric Langmuir, aseme kwamba mteremko usio mkali unapunguza dakika 10 kwa kila mita 300, lakini mteremko mkali unaongeza dakika 10. Unaongeza! Nawaomba mlipange hilo kabla ya kukata tiketi ya treni ya kurudi.

"Nitawachelewesha" nayo nimeichoka, ila kwa upole, kwa sababu mara nyingi kosa ni letu. Wenye kasi wanatangulia, wanasimama kivulini, wanapumzika dakika kumi. Mwenye mwendo wa taratibu anafika, nao wanainuka: "Haya, twende." Yaani aliyechoka zaidi ndiye hapumziki kabisa. Kwetu mwenye mwendo mdogo anatembea wa pili, nyuma ya kiongozi, mtu mwenye simu na huduma ya kwanza anafunga msafara, na mapumziko yanaanza kuhesabiwa akifika wa mwisho. Hukuchelewesha mtu. Wewe ndiye saa ya kundi.

Mengine kwa haraka. Maji: kunywa ukisikia kiu, usijijaze lita nne kwa lazima, maji kupita kiasi hushusha chumvi kwenye damu na hilo nalo ni hatari. Beba karanga au kitu cha chumvi. Baridi ya juu haina maana jua haliunguzi. Miale huongezeka kadiri unavyopanda, vaeni kofia. Mwenye kisukari hakatazwi kuja, ila kama anatumia insulini au vidonge vinavyoweza kuishusha sana sukari, aongee kwanza na daktari wake, abebe kitu kitamu mfukoni, si ndani ya begi la mwenzake, na anitaarifu. Nyoka akiuma, hatufungi kamba, hatuchanji, hatunyonyi. Mguu unatulizwa usitikisike, mtu anabebwa kwenda hospitali. Na ile ya "tukipotea tufuate mto utatufikisha mjini": Uluguru mto utakufikisha kwenye maporomoko. Rudini mlikotoka.

Jumanne iliyopita nilimweleza haya yote kaka mmoja, mhasibu kutoka Dar, mapaja yake yakiwa mikononi mwangu naye akiugulia kila nikibonyeza. Alinisikiliza vizuri kuliko wengi. Akafikiri, akasema, "Kumbe basi safari ijayo napanda kwa miguu, nashuka kwa bodaboda."

Nikamwambia kwa magoti ni sawa kabisa. Kwa shingo, na udongo ule ukiwa umelowa, afadhali achukue fimbo.