Je, wajua kwa nini Cellini alitupa sahani zake 200 kwenye tanuru?

Kwanza nikiri ujinga wangu. Ile sanamu ya bronzi ya Perseus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, aliyoitengeneza huyo Cellini na iliyopo Florence, Italia, jamaa kasimama uchi, mkono mmoja upanga, mwingine kanyanyua kichwa cha Medusa (yule jini mwenye nyoka badala ya nywele) kinachochuruzika damu, mi miaka yote nilijua imechongwa. Yaani fundi alitafutiwa bonge la bronzi akakaa nalo na patasi, gonga gonga gonga, mpaka misuli ikatokea, kama wachonga vinyago na mpingo. Na nilijua imejaa hadi ndani, kama nondo.

Kumbe wapi. Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati (bati lenyewe, sio haya mabati ya paa ambayo ni chuma kilichopakwa zinki) na sanamu kubwa ya bronzi haichongwi, inasubiwa, yaani madini yanayeyushwa yanamiminwa kwenye kalibu, lile umbo la kumiminia. Na haijajaa, we ukiigonga unagonga ganda tu.

Hilo la ganda ndilo lilinisumbua zaidi. Sasa chukua kikombe kidogo ukisimamishe katikati ya kikombe kikubwa, mimina maji kwenye ile nafasi katikati yao, weka friza. Ukitoa una kikombe cha barafu. Cellini alifanya hivyo hivyo, ila vikombe vyake vilikuwa udongo na badala ya nafasi aliweka nta. Alitengeneza mtu wa udongo mwembamba kidogo kuliko aliyemtaka, akamchoma, akamvalisha nta, na kwenye nta ndio alipochora kila kitu, nywele, mishipa, hadi zile nyuzi za damu za Medusa. Akafunika yote kwa udongo mwingine, akakaza na pete za chuma, akawasha moto wa polepole nta ikatiririka nje. Palipokuwa na nta pakabaki uwazi, na bronzi ikija inakaa pale pale, unene wa nta ndio unene wa sanamu.

Mbona asijaze tu? Bei na uzito, sawa, ila kuna kingine. Unajua ugali mkubwa ulioepuliwa sasa hivi, juu umepoa ila ukimega katikati unaunguza vidole. Madini nayo hivyo hivyo, na yakiganda yanasinyaa, kwa hiyo nje imeshaganda ndani bado inavuta, unaishia na nyufa na matobo. Ganda jembamba linapoa karibu pamoja.

Halafu hewa. Ukimimina mafuta ya taa kwenye chupa na funeli imebana mdomo, yanakwama, yanatoa mapovu, mpaka uinyanyue kidogo hewa ipite. Kalibu nayo inawekewa mirija ya kutolea hewa, la sivyo bronzi inagandia njiani. Na hapa hamna kujaribu tena maana ile nta ishatoka, kopi hakuna.

Sasa sahani. Kazi aliagizwa na mtawala wa Florence, Cosimo wa Kwanza, mwaka 1545. Siku ya kumimina Cellini ana homa yupo kitandani, anaambiwa kazi imeharibika, anakurupuka anakuta bronzi imeganda kama keki. Akachoma kuni za mwaloni zilizokauka vizuri, moto ukapanda hadi mfuniko wa tanuru ukapasuka, na bado madini yakawa yanatembea kivivu. Ndio akaamuru viletwe vyombo vyote vya mezani, sahani na bakuli kama 200, vilivyotengenezwa kwa mchanganyiko wenye bati nyingi, vikatupwa humo.

Sio wazimu. Shaba tupu inayeyuka kwenye nyuzi 1,085, bati kwenye 232 tu, ukichanganya asilimia 10 ya bati mchanganyiko unakuwa majimaji kwenye kama 1,000, na unatiririka vizuri zaidi. Ila yote haya kayasimulia Cellini mwenyewe, na huyu bwana kwa kujisifu hakuwa na mpinzani, usiku huo huo homa, mvua, na paa la karakana linashika moto... mi hapo nachukua nusu. Kwamba bati inasaidia, hiyo haina ubishi. Kwamba ni sahani ndizo zilizookoa sanamu, tuna neno lake tu.

Kabla ya hapo alishamwambia Cosimo kwamba kichwa cha Medusa kitatoka safi ila mguu wa kulia wa Perseus hautajaa. Siku mbili baadaye anafukua, kichwa safi, anashuka taratibu hadi kisigino, nacho kimejaa, na anasema mwenyewe kwamba karibu akereke. Kufukua zaidi, vidole vya mguu havipo. Akafurahi.