Nzi Wanaoishi kwa Nyuki: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Nyuki akizunguka taa usiku, amepotea njia tu.

Ukweli: Huenda ana mabuu tumboni. Amerika Kaskazini kuna nzi mdogo sana, Apocephalus borealis, ambaye jike lake humtoboa nyuki tumboni na kutaga mayai humo. Nyuki aliyetagiwa huweza kutoka mzingani usiku, wakati wenzake wametulia, akaifuata taa, kisha akatambaa chini akipepesuka mpaka akafa. Baada ya wiki hivi mabuu hujitokeza pale kichwa kinapoungana na kifua. Nyuki mmoja amewahi kutoa hadi 13. Zamani nzi huyu alijulikana kwa kushambulia nyuki wa jenasi ya Bombus, wale wakubwa wenye manyoya mengi, na nyigu. Mwaka 2012 watafiti wa San Francisco walitangaza kwamba ameanza kuwaingia nyuki wa asali pia. Kumtambua si kazi: waokote nyuki waliokufa chini ya taa, waweke kwenye chupa iliyofunikwa kwa kitambaa, subiri. Ukiona vijipupa vya kahawia, yaani mabuu yaliyojifunga yakisubiri kugeuka nzi, kando ya mizoga, jibu umelipata.

Dhana: Basi huyo ndiye anayemaliza mizinga.

Ukweli: Ushahidi wa hilo haupo. Adui mkubwa zaidi wa nyuki wa asali ni Varroa, na huyo ni utitiri, si nzi. Ukihangaika na nzi huku Varroa wanazaliana ndani ya masega, umemwacha mwizi chumbani ukamkimbiza wa barabarani.

Dhana: Chawa wa nyuki ni chawa, na hunyonya damu.

Ukweli: Huyo anayeitwa chawa ni Braula, na ni nzi kamili, ila hana mabawa. Ni mwekundu wa kahawia, hushikilia manyoya ya nyuki, na humpenda malkia kuliko wote kwa sababu malkia hulishwa kila mara. Husogea mdomoni na kujichukulia chakula hicho. Damu hagusi kabisa. Uharibifu unaoonekana ni vijia vyembamba ambavyo mabuu yake huchimba kwenye vifuniko vya nta, na asali ya sega huharibika sura.

Dhana: Nzi wa namna hii wauawe popote waonekanapo.

Ukweli: Hapana, tafadhali. Bombylius, yule nzi mnene mwenye manyoya na mrija mrefu mdomoni, hurusha mayai karibu na vishimo vya nyuki wapweke, na mabuu yake hula watoto wa nyuki hao. Lakini akikomaa hunywa nekta na kuchavusha maua. Mizinga ya asali haimhusu.